Nguo za Mama Mkwe Zitafuliwa Wapi?

Nyumba ya Faustin pale Kampemba ilikuwa na kila kitu kinachohitajika katika nyumba ya orofa, isipokuwa mahali pa kufulia nguo. Ilikuwa na ngazi yenye kona, roshani ya kuwachungulia majirani, na choo cha pili huko juu ambako maji yalikuwa bado hayajakubali kupanda. Faustin, fundi wa mitambo katika mgodi wa Kinsevere, aliichora mwenyewe kwenye karatasi akiwa ndani ya basi la kwenda kazini, na barabara ile inavyorusha watu, ni ajabu kwamba kuta zilinyooka. Chumba cha kufulia hakukichora. Alidhani nguo hujifua zenyewe, kama wanaume wengi wanavyodhani.

Mkewe Victorine hakugomba. Alisema neno moja tu, nalo lilitosha kusimamisha kazi: hahami nyumba ya kupanga bila mama yake.

Mama yake, Mama Kunda, mjane wa dereva wa gari-moshi, aliishi peke yake mtaa wa Makomeno katika nyumba ya zamani iliyovuja kila mvua iliponyesha. Wanawe wengine wote walikuwa mbali, akabaki Victorine. Mama Kunda alikubali kuhamia kwa binti yake, ila kwa sharti.

« Nitakuya, » alisema. « Mais nguo yangu hata moja mukwe asiione. Macho haina pazia. »

« Papa Bénie, umesikia, » Victorine akamwambia mumewe. « Fasi ya kufulia nguo ya mama iko wapi? Kama hakuna, mi sihame. »

Hapo msomaji asicheke haraka. Kwao Faustin na Victorine, watu wa kaskazini mwa Katanga, mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Heshima si utumwa, lakini heshima hii iliwahi kumtoa Faustin jasho. Siku moja alimwona Mama Kunda akija barabarani, akaruka ndani ya saluni ya wanawake ili ampishe. Mama Kunda naye alikuwa amemwona, akazunguka kwa nyuma, akaingia saluni ileile kwa mlango wa uani. Faustin alimaliza adhuhuri ile ameketi chini ya kikausha nywele, taulo kichwani, akiomba Mungu asitokee mtu wa mgodini.

Haya yote yangekwisha zamani kwa kuku mmoja. Desturi inasema mume akimpelekea mama mkwe kuku wa kufungua uso, mwiko unalegea, watu wanatazamana na kula pamoja. Faustin alimbeba kuku huyo mara baada ya harusi. Alipofika kwenye njia ya reli kuku akachomoka mfukoni, akatimua mbio, hakuonekana tena. Faustin akarudi nyumbani mikono mitupu, na tangu siku ile alishikilia hoja moja: kuku alikimbia akielekea upande wa Makomeno, kwa hiyo amekwisha kupelekwa. Mtoto wao Bénie akazaliwa, akabatizwa, akaanza shule, na baba yake bado alikuwa anaitetea hoja hiyo.

Basi ikaanza safari ya chumba cha kufulia.

Mwashi Mukuka, mtu mwenye subira na kipande cha tofali cha kuchorea, alipiga mstari sakafuni. « Patron, tuweke hapa chini, pembeni ya jikoni. Maji iko hapa, jua iko inaingia, bintu yote iko muzuri. »

Ukuta ukasimama asubuhi. Jioni Victorine akafika, akachungulia dirishani, akaona mahali gari litakapoegeshwa.

« Papa Bénie, kila ukitoka kuwasha gari, nguo ya mama yangu, bikwembe yake yote, iko inakuangalia? »

Ukuta ukabomolewa.

Faustin akasema chumba kipande juu, karibu na vyumba vya kulala, kama kwenye nyumba za wakubwa. Victorine akampigia mama yake simu, akaweka sauti ya nje. Ilikuwa ruhusa kwa Faustin kusikia, mradi asijibu.

« Juu? » sauti ya Mama Kunda ikapaa. « Mukwe eko anakula bukari hapo chini, nguo yangu iko juu ya kichwa yake? Na maji ikidondoka ndani ya bukari? Yesu wangu! »

Ukuta wa juu nao ukaenda. Faustin, ambaye huko Kinsevere huwapigia kelele watu wenye magari makubwa kuliko nyumba, alikunja mikono kifuani akawaza siku nzima. Kesho yake alikuja na jibu: chini ya ngazi! Pale ni giza, hakuna atakayeona kitu. Mukuka akajenga. Simu ikapigwa.

« Chini ya escalier? » Mama Kunda akauliza polepole. « Ni kusema kila siku mukwe atapita na bilato yake, ile viatu ya kazi, juu ya nguo yangu. Atanikanyanga mimi muzima. »

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na sasa kila mtu akaanza kuzitoa. Mbusa, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyewauzia mashine ya kufulia, alipita kuona mashine yake inaendeleaje. Ilikuwa inaendelea kukaa sebuleni ndani ya boksi, na Mukuka alikuwa akilia mikate yake juu yake.

« Kwetu Butembo, machine tunawekaka fasi iko maji, » alisema Mbusa.

Wote wakamwangalia kwa huruma, kama mtu asiyejua mkwe ni nini.

« Mukuka, » Faustin akasema Mbusa alipoondoka, « nyumba ya étage iko na juu, iko na chini. Fasi ya tatu iko wapi? »

Mukuka akafikiri kwa dhati. « Ku paradizo, patron. »

Tuseme ukweli, Faustin alikuwa amechoka, wala hakuwa anacheka. Victorine alikuwa ameanza kukunja nguo za watoto na kuzirudisha kabatini badala ya kuzitia katika masanduku. Usiku mvua ikinyesha alikuwa akikaa kitandani akisikiliza, akiwaza lile paa la Makomeno. Faustin alijua kwamba nyumba ile ya orofa, aliyoitolea nguvu zake zote, ingeweza kubaki tupu kwa ajili ya nguo za mwanamke ambaye hajawahi kumtazama usoni. Ilimuuma.

Ndipo Mama Kunda akasema atakuja mwenyewe kuona.

Alifika Jumapili baada ya misa, chini ya mwavuli mkubwa mweusi wa marehemu mumewe. Jua lilikuwa halina shida yoyote, mwavuli ulikuwa wa kumzuia mkwe. Faustin akainama, akapiga makofi ya heshima, macho chini. Kama kawaida akaiona miguu, kwa kuwa miguu ndiyo sehemu pekee ya mama mkwe aliyoruhusiwa. Siku ya harusi miguu ile ilikuwa ndani ya viatu vya kisigino. Bénie alipobatizwa, viatu vya chini. Leo, tena Jumapili, ilikuwa ndani ya kandambili, na ile ya kulia ilikuwa imekatwa ukanda ili mguu upate kuenea.

Mara mbingu ikabadilika. Matone ya kwanza yalipogonga bati, Victorine na Mukuka wakakimbilia uani kuifunika saruji. Mvua ikamwagika kweli, ikawafungia hukohuko chini ya kibanda. Sebuleni wakabaki watatu: Faustin, Mama Kunda na mashine ndani ya boksi lake.

Hiyo ilikuwa balaa. Hapakuwa na saluni ya kukimbilia. Faustin akageuza uso ukutani. Mama Kunda akateremsha mwavuli mpaka mabegani. Mvua ikazidi. Mwishowe mwavuli ukakohoa.

« Machine, » ukasema mwavuli.

Faustin akashtuka.

« Machine, ambia mukwe yangu, mvua iko mingi. »

Faustin, uso ukutani, akajibu: « Machine, ambia ba mama, njo vile. Iko mingi kabisa. »

Mashine ikakaa kimya, ikifanya kazi yake ya kwanza tangu inunuliwe.

« Machine, ambia mukwe nyumba yake iko muzuri. Mais ile maneno ya fasi ya nguo, aache. Mi nitabakia Makomeno. »

« Machine, uliza ba mama, juu ya nini? Tumebomoa kuta mpaka majirani banafikiri tuko nafundisha watoto kubomoa! »

Mwavuli ulikuwa umesogea hadi kwenye ngazi. Faustin akageuka, macho chini kama kawaida, akauona mguu wa kulia ukipanda kidato cha kwanza. Ukakaa pale kidogo, ukatetemeka, ukarudi chini. Ukajaribu tena, ukarudi tena. Mama Kunda akajifanya anakagua ukuta.

Na chumba cha Mama Kunda kilikuwa juu. Faustin mwenyewe alikipanga juu, chenye roshani, akajisifu mbele ya ukoo mzima. Walikuwa wamezitafutia nguo mahali kila pembe ya nyumba, mwenye nguo hakuna aliyemuuliza atafikaje kitandani. Aibu ikampanda Faustin hadi masikioni.

« Machine, » akasema, macho miguuni pake, na sauti yake haikuwa ile ya Kinsevere. « Ambia ba mama, mikulu yabo miye minaijua kupita muntu yote. Miaka yote hii njo ile tu niko naangalia. Ile ya kuume iko inauma. »

Mwavuli ukatikisika.

« Machine, ambia mukwe asiambie Victorine. Ataliya. Njo maana nililetaka maneno ya nguo. Muntu akisema nguo, banamuheshimu. Akisema mikulu, banasema amezeeka. »

Kumbe! Faustin alitaka kukasirika kwa ajili ya zile tofali, akajikuta anacheka, kisha macho yakamlowa, akashukuru kwamba kuna mwavuli.

« Machine, ambia ba mama, kile chumba ya chini, pembeni ya jikoni, tutakijenga tena. Itakuwa ya bo, ya kulala. Hakuna escalier. »

Kisha Mama Kunda akaiuliza mashine yenyewe, kwa wasiwasi wa kweli: « Na we, machine, utaenda wapi? »

« Itapanda juu, » Faustin akajibu kwa niaba yake. « Nitaibeba. »

« Machine, mukumbushe ile maneno ya nguo juu ya kichwa yake. »

« Machine, ambia ba mama, nitaleta kuku ya kufungua uso. Ile ilikimbiaka. »

« Ile ile? »

« Dada yake. »

Chini ya mwavuli kikatoka kicheko kidogo cha puani. « Machine, ambia mukwe ile kuku haikufikaka Makomeno. Tuliingojea. »

Victorine aliporudi amelowa chapachapa, alimkuta mumewe anaongea na boksi na mama yake anaongea na boksi, akafanya ishara ya msalaba.

Kuku alipelekwa wiki iliyofuata. Faustin alimfunga miguu kwa kamba ya boksi la mashine, akampakata kwa mikono miwili njia nzima, vioo vya gari vimefungwa, joto la kuua. Mama Kunda alimpokea kuku, akaushusha mwavuli, akamtazama mkwe wake usoni kwa mara ya kwanza. Alimtazama muda.

« Victorine, » akasema, « bwana yako amezeeka. »

Wakala pamoja. Mukuka akajenga ukuta wa chini, safari hii akiuombea. Mama Kunda akahamia chumba cha pembeni ya jikoni, chenye jua, na Victorine alikwisha kuambiwa habari ya mguu, akalia kama ilivyotabiriwa, kisha akaleta maji ya moto na chumvi. Mashine ikapandishwa juu kwa mabega ya wanaume, na huko juu maji hayakupanda ng'o. Kwa hiyo kila Jumamosi Faustin hupanda ngazi na madumu, hulijaza lile tumbo la mashine, hushuka kuchukua mengine, na majirani husema kwamba tangu Papa Bénie anunue mashine ya kufulia amekonda.

Kuku alifungua uso, lakini mdomo ni kitu kingine. Mazoea yana tabu. Miezi ikapita Mama Kunda akimtazama Faustin vizuri, akimpakulia mboga, lakini akitaka kumwambia neno alielekeza kidevu juu na kuita: « Machine! Ambia mukwe chai iko tayari. » Faustin naye aliiambia mashine kwamba anakuja.

Jumamosi moja, nguo zikiwa zimezunguka nusu, umeme ukakatika. Faustin akafungua, akatoa kikwembe, kitenge cha kujifunga, kilichojaa povu, akaenda nacho roshani kukikamua kwa mikono. Kilikuwa cha mama mkwe, chenye maua mekundu, na kilining'inia nje ya ukingo Kampemba nzima ikikiona. Alikisokota kwa nguvu za fundi wa mgodi.

Kutoka uani sauti ikapanda huko ambako mwenyewe hakuweza kupanda.

« Faustin! Mutoto yangu, ile ya maua usikamue sana. Bwana yangu njo alininunuliaka. »

Faustin akageuka haraka kuitazama mashine, aipe jibu ipeleke. Ilikuwa imezimika, mdomo wazi. Ikambidi ajibu mwenyewe.

« Ndiyo, mama, » akasema, akalegeza mikono.