Gia Fupi ya Mwalimu Mshana

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Nilifika gereji ya Mikocheni asubuhi na mapema, ovaroli mpya nimeikunja kwapani, cheti cha chuo cha ufundi kikiwa ndani ya bahasha. Nikamkuta Fundi Mkuu na mwenye gereji, Mzee Nassor, amekaa juu ya tairi anakunywa kahawa. Alitoka kwenye ukoo wa Kiarabu uliouza vipuri toka enzi za babu yake, na alipenda kusema kwamba ndugu zake walirithi duka, yeye akarithi grisi. Cheti changu hakukifungua. Alinyoosha kidole kwenye gari la zamani lililokuwa uani.

"Panda, cheza na gia. Kisha uniambie gari linaumwa wapi."

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amekuja pia binti mmoja wa Tandale, jina lake Zuhura, kanga kaifunga juu ya suruali. Yeye cheti hakuwa nacho. Alikulia kwenye banda la mjomba wake, fundi wa mashine za kukoboa mahindi karibu na soko, na ufundi wake wote aliupatia pale.

Nilipanda mimi kwanza. Niliwasha, nikaingiza gia zote tano na rivasi, nikashuka na kueleza kama nilivyofundishwa: huenda klachi haiachii vizuri, huenda meno ya gia yamelika, huenda mafuta yamepungua. Mzee akawa anaitikia tu, "Ehe. Ehe." Zuhura alipopanda hakuwasha hata injini. Alishika mkono wa gia, akautikisa taratibu kama mtu anayepima jino la mtoto, akasema, "Bushi ya chini imekwisha. Hayo mengine mazima."

Bushi ni kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokaa kati ya chuma na chuma ili visisagane. Tulipofungua, tulikuta vipande. Mzee Nassor alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Wote wawili tulipata kazi siku ile, lakini mimi nilirudi nyumbani Gongo la Mboto nikiwa na wivu. Nawaambia ukweli nyie mnaoshika spana leo: wivu ule ulinikaa miaka yangu yote ya kazi.

Nisieleweke vibaya. Sikuwa fundi mbaya. Gia boksi niliweza kuishusha peke yangu, nikaifungua na kuipanga mezani kila kipande kwa zamu yake, nikairudisha pasipo nati hata moja kubaki. Nilisoma vitabu. Nilifika kabla ya wengine. Ila mteja akiingia getini, neno la kwanza lilikuwa, "Yule dada yupo?" Nikisema niangalie mimi, anajibu kwa adabu kwamba hana haraka, atasubiri. Watu waliokuwa wakilalamikia foleni ya taa za barabarani walikuwa radhi kukaa kwenye benchi letu nusu siku wakimsubiri Zuhura. Nilianza kumwiga. Nilishika spana kama anavyoshika. Nilifumba macho nikitikisa mkono wa gia, nikisubiri uniambie kitu. Haukuniambia kitu.

Zuhura mwenyewe hakuwa na habari. Aliniita kaka Elia, akaniletea maandazi, akaniuliza maana ya maneno ya kwenye vitabu. Wema wake ulinichoma kuliko kama angeringa.

Ndipo akaja Mwalimu Mshana. Alikuwa mtu wa kwetu milimani, anafundisha hesabu sekondari, na tuliishi mtaa mmoja Gongo la Mboto. Alikuwa na gari dogo la Kijapani, la zamani, la gia za mkono, alilolinunua na marehemu mkewe. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa akiziba bati, na bega la kushoto likawa halinyooki. Kwetu sisi mkono wa kushoto ndio wa gia. Ya pili na ya nne aliziweza, kwa kuwa unavuta kuja kwako. Ya kwanza na ya tatu, ambazo unasukuma mbele, zilimtoa machozi.

"Watu wananiambia niuze, ninunue la otomatiki," alimwambia Mzee Nassor. "Sitaki. Nasikia vijana wanafungiwa gia fupi. Hebu nami nifungieni."

Miaka hiyo gia fupi ilikuwa ya vijana wenye kupenda sifa. Na hapa niwaeleze, maana hata leo wengi wanakosea. Mkono wa gia hufanya kazi kama mzani. Katikati una egemeo, kichwa cha mviringo kama gololi kubwa. Ukisukuma juu kwenda mbele, ncha ya chini inakwenda nyuma, nayo ndiyo inayochagua gia. Kufupisha gia si kukata chuma cha juu tu. Unapandisha egemeo, ili sehemu ya chini iwe ndefu na ya juu iwe fupi. Hapo mkono wa dereva unasafiri safari ndogo. Lakini hakuna cha bure: safari ikipungua, nguvu inayotakiwa inaongezeka. Ukimfupishia mno mtu mwenye bega bovu, umemwongezea maumivu.

Haya yote niliyajua. Mwalimu alikuwa mtu wa kwetu na jirani yangu, kwa hiyo nilikwishaanza kuchora mchoro nyuma ya bahasha. Mzee Nassor akaita, "Zuhura! Njoo hapa, mwanangu."

Mchoro ule niliukunja nikautupa kwenye pipa la mafuta machafu.

Zuhura alifanya kazi siku tatu. Alimkalisha Mwalimu kwenye kiti cha gari, akampima mkono unapoishia kabla bega halijauma. "Mwalimu, mie sikuwekei ile fupi ya vijana," alimwambia. "Nakuwekea fupi ya bega lako." Alikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma akachongewa mkono mpya, na chini yake kikalio cha chuma cha kupandisha egemeo. Alipofunga, gia ziliingia kama kisu kwenye papai. Nilisimama pembeni nikitafuta kasoro kwa macho. Sikuiona.

Sheria ya Mzee Nassor ilikuwa moja: aliyefanya kazi ya gia hakagui kazi yake. Siku ile zamu ya kukagua ilikuwa yangu. Niliingia chini ya gari na taa, Zuhura akakaa kwenye usukani akiingiza gia moja moja. Ya kwanza, sawa. Alipoingiza ya pili, nikaiona. Kikalio kiliupandisha mkono mpya, mnene kuliko wa zamani, hadi kwenye tundu la sakafu unamopita, na kati yake na ukingo wa tundu ilibaki nafasi kama unene wa kucha. Gari likiwa limesimama hiyo haina neno. Lakini injini ya gari la zamani imekalia mipira iliyochoka; gari likipanda mlima, injini inajipinda na gia boksi inakwenda nayo. Nafasi ile ingekwisha, ukingo ungeusukuma mkono, gia ingechomoka. Mimi nililijua hilo. Zuhura hakulijua, kwa sababu mashine za kukoboa mahindi hazipandi mlima.

"Vipi huko, kaka Elia?" aliuliza kutoka juu.

Nililala pale chini naangalia ule ukingo. Kuukwangua kwa tupa dakika kumi kungetosha.

"Iko safi," nikasema.

Nilijipa maneno ya kunituliza. Gia itachomoka mara moja, Mwalimu atarudi analalamika, Mzee ataona kwamba mkono wa Zuhura nao hukosea. Nilitaka aibu ndogo tu. Aibu haiji kwa kipimo ulichoagiza.

Siku ya nne tangu Mwalimu achukue gari lake, kwenye kilima cha kuelekea Pugu, gari likiwa kwenye gia ya pili na magunia ya mkaa nyuma, gia ilichomoka. Gari likaanza kurudi nyuma. Mwalimu alihangaika kuirudisha gia badala ya kukanyaga breki, gari likaingia mtaroni na kulala ubavu. Alivunjika mkono wa kulia kwenye kiwiko. Ulipopona haukunyooka tena. Sasa alikuwa na bega bovu kushoto na kiwiko kibovu kulia, na ule wa kulia ndio aliokuwa akiandikia ubaoni. Aliacha kufundisha kabla ya muda wake.

Mzee Nassor alituita ofisini. Hakupaza sauti.

"Kosa ni langu," Zuhura alisema kabla hajaulizwa. "Sikulijaribu likiwa na mzigo mlimani."

Mzee akanigeukia. "Na wewe ulikagua. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, Mzee."

Aliniangalia kwa muda. Nilidhani ameniona hadi moyoni. Kisha akainamisha kichwa, akasema, "Haya. Mungu ndiye mjuzi."

Zuhura hakufukuzwa, ila wateja walianza kunong'ona, na yeye mwenyewe akawa haishiki gia bila mikono kumtetemeka. Baada ya miezi michache aliaga. Meza yake nilipewa mimi. Mzee Nassor alipostaafu, na cheo chake nikapewa mimi: Fundi Mkuu, jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu mlangoni.

Mngedhani wivu uliishia hapo. Zuhura alifungua gereji yake Temeke, kwenye uwanja mdogo nyuma ya mashine ya mbao, na polepole mikono yake ikatulia. Nilikuwa nikipata udhuru wa kupita kule, mara kutafuta rangi, mara kumsalimia mtu, ili nione magari yaliyopanga mstari nje. Siku moja, katika mstari ule, nikaona gari la Mwalimu Mshana.

Sikulala vizuri juma lile. Jumapili, baada ya ibada, nilimvizia Mwalimu nje ya kanisa.

"Shikamoo Mwalimu. Nasikia umelirudisha gari kwa Zuhura."

"Marahaba, Elia. Nimelirudisha."

"Baada ya yale yote?"

"Alikuja hospitali kila siku," Mwalimu alisema. "Aliniambia kwa kinywa chake alipokosea. Wewe mkaguzi ulikuja mara ngapi?"

Nilikuwa nimekwenda mara moja, na machungwa.

Miaka ilikwenda. Nilifundisha mafundi wengi, na wote niliwasisitizia ukaguzi mpaka wakanichoka. Nilipostaafu walinifanyia sherehe pale uani, pilau na soda, na mwenye gereji, mtoto wa Mzee Nassor, akasimama kutoa hotuba. Alisema, "Mzee Elia hajawahi kupitisha gari bovu hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Mke wangu akapiga makofi. Sahani ya pilau niliisogeza pembeni.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mwalimu Mshana. Sasa ni mzee kabisa, anatembelea fimbo, gari anaendeshewa na mjukuu wake wa kike. Nilimkuta barazani, nikamweleza yote: tundu la sakafu, ile nafasi, neno nililolisema. Sikujitetea. Alinisikiliza akijisugua kiwiko.

Nilitarajia matusi. Badala yake akasema, "Elia, unajua mimi nimemfanya nini Zuhura? Nilimrudia, ndiyo. Nikawaambia watu nimemsamehe. Lakini kila nikishindwa kufunga kifungo cha shati, namlaumu yeye. Nimemlaumu moyoni miaka yote hii, naye anahangaika na gari langu kama mtoto wake." Akainuka kwa fimbo. "Mjukuu hayupo. Chukua funguo. Nipeleke Temeke."

Hivyo ndivyo nilivyoendesha gari lile kwa mara ya kwanza. Kutoka Gongo la Mboto hadi Temeke nilibadilisha gia sijui mara ngapi, na kila mara mkono ulisafiri kidogo tu, bila nguvu, bila kelele, gia ikaingia mahali pake. Nimeshika gia za magari maisha yangu yote na sijawahi kufunga kitu kama kile. Mwalimu amekaa pembeni yangu na kiwiko nilichokivunja mimi, nami bado nilikuwa namwonea wivu aliyefunga ule mkono. Nawaambia ili mjue ni ugonjwa gani.

Zuhura alitoka kutupokea akifuta mikono. Nywele zake zimeingia mvi. Mwalimu ndiye aliyemweleza nilichokiri, kwa maneno machache, huku mimi nimesimama kando ya gari. Alipomaliza, Zuhura alinigeukia.

"Ilikuwa nafasi kiasi gani?"

"Unene wa kucha."

"Kwenye gia ya pili."

"Ya pili."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomsumbua siku nyingi. "Nimekata matundu ya sakafu za magari ya watu miaka yote hii, makubwa kuliko inavyotakiwa," alisema, "kwa sababu sikujua nilikosa kwa kiasi gani. Nilidhani mikono yangu imenidanganya."

"Zuhura, naomba..."

"Mie sijafika huko, kaka Elia," alinikatiza. Sauti haikupanda. "Nitafika au sitafika, sijui. Sogeza gari, umeziba njia ya mteja."

Nikasogeza gari. Niliporudi kwa miguu, walikuwa wameingia kibandani kwake. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mapajani, anaongea huku analia, na Zuhura amechuchumaa mbele yake, ameshika kile kiwiko kwa mikono miwili. Sikusikia walichosema. Hakuna aliyeniita ndani.

Vijana huniuliza nini cha maana nilichojifunza katika kazi hii. Ningeweza kuwaambia habari za egemeo na bushi, na hayo yana faida yake. Lakini mimi nakumbuka nilivyosimama kwenye jua la Temeke na funguo za gari la mtu mkononi, nawatazama watu wawili wakiombana radhi kwa kosa langu, na nikawaonea wivu wote wawili.