Barua ya Mwezi wa Nane

Mimi na Jeannette Tshibola tumekaa tukitazamana kwa miaka kumi na sita, meza yake na meza yangu, katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa mpunga hapa Kindu. Mimi hushughulika na magunia, yeye hushughulika na maneno: barua, ripoti na tovuti yetu. Mwanamke huyu ana subira inayoniudhi. Nasema hivyo kwa sababu nampenda kama dada yangu, na dada akifanya upumbavu huwezi kunyamaza.

Mumewe, Édouard Kitenge, alikuwa dereva wa treni. Mwezi wa nane mwaka 1998, vita vilipoanza hapa Kongo, alitoka na treni ya mizigo kuelekea kusini, akamwacha Jeannette na mimba ya miezi mitano. Nyuma yake reli ikakatika. Upande ule serikali, upande huu waasi, na aliyeulizia habari za upande wa pili alihesabiwa mpelelezi. Jeannette alimzaa binti yao Falone bila baba, akala sombe, kisamvu chetu, bila chumvi kama sisi sote, na kila alipotoka kuteka maji mto Lualaba alipitia stesheni kutazama reli zilizofunikwa na majani.

Mwaka 2004 treni zikaanza tena. Ya kwanza ilipofika, Édouard hakushuka. Alishuka mwenzake wa kazi, akampa Jeannette kipande cha karatasi chenye anwani ya barua pepe ya kampuni moja ya malori huko Lubumbashi.

"Édouard iko muzima," alisema. "Alisema umuandikie apa."

Jeannette akauliza kama anaishi peke yake. Yule bwana akaanza kutafuta mzigo wake.

Tangu hapo Jeannette anaandika mara moja kwa mwaka, tarehe kumi na nne, siku ambayo treni iliondoka. Humweleza nani kazaliwa, nani kafa, mto umejaa kiasi gani, Falone ameolewa Kalima na nani. Barua ishirini, bila jibu hata moja. Nilimwambia mara nyingi kwamba asiyekuwepo na lake halipo, aolewe. Naye hunijibu kwamba barua hazirudi. Kwake hiyo ilikuwa habari ya kutosha. Barua isiyorudi imeingia mahali, na mahali hapo pana mtu.

Mwaka huu ilirudi. Aliituma asubuhi, na kabla chai haijapoa kompyuta ikamletea ujumbe kwamba anwani ile haipo. Akausoma mara mbili, akatoka, akaenda kukaa uani. Nikamfuata.

"Alikufa," alisema. "Mutu akikufa njo wanafuta jina yake."

Nikaketi kando yake. Miaka yote nilimtania, na siku ile nilitamani Édouard awe hai, pengine kuliko alivyotamani yeye mwenyewe.

Kwa siku tisa alikuja kazini mwili tu. Siku ya kumi akaingia, hata salamu hakutoa, akafungua daftari lake.

Daftari hilo lina kisa chake. Mwaka juzi fundi mmoja alituhamishia tovuti kwenye seva mpya. Tovuti ikapendeza, lakini barua zikakoma siku tatu nzima. Kumbe jina la ushirika kwenye mtandao ni moja, ila katika rekodi zake, zile wanazoziita DNS, kila kazi ina mstari wake. Mstari mmoja unaonyesha tovuti inakaa wapi. Mwingine, MX, unaonyesha barua zipelekwe wapi. Sisi tovuti yetu inatunzwa na watu fulani, na barua zetu na watu wengine kabisa. Fundi aliandika mstari wa tovuti, wa barua akausahau. Tangu siku hiyo Jeannette haamini fundi yeyote. Alijifunza kuisoma mistari yenyewe na kuinakili yote kwa mkono. Na rekodi hizo si siri, mtu anaweza kuangalia za jina lolote.

Basi akaangalia za ile kampuni ya malori. Tovuti ipo, tena mpya, imejaa picha za malori yaliyooshwa. Mstari wa barua haupo.

"Papa Aboubakar, kuya uone," akaniita. "Hawakufuta jina yake. Walisahau MX, kama yetu."

Akapiga nambari iliyokuwa kwenye tovuti. Akapokea mtu aitwaye Florentin, ndiye anayetunza kompyuta zao. Jeannette akaweka simu juu ya meza nami nisikie, akamweleza kosa lake polepole, kama mwalimu. Tukasikia vidole vikigonga.

"Mama, uko na haki," Florentin akasema. "Tulihamisha site, MX ikabaki. Apa watu wote wanatumia WhatsApp, hakuna mutu alilalamika. Njo mzee moya tu."

"Mzee gani?"

"Mzee Édouard. Alikuwaka chauffeur ya malori yetu. Alishaachaka kazi, lakini alituomba tumubakishie adresi. Alikuya tarehe kumi na tano, akarudia kesho yake, na leo asubui tena. Anasema kuko barua yake ya mwezi wa munane, haiyafika."

Jeannette alishika ukingo wa meza. "Alisema inatoka kwa nani?"

"Kwa muke wake."

Florentin aliandika mstari ule, akatuomba tungoje kama saa moja uanze kufanya kazi. Saa hiyo nzima mimi nilikuwa nawaka. Mtu amesoma barua ishirini, hakurudisha hata neno moja, halafu anathubutu kwenda kudai ya ishirini na moja kwa sababu imechelewa! Nikamwambia Jeannette asitume. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la Édouard liumie kidogo, lijue.

Jeannette alikuwa analia wazi, bila kujificha. Akaifungua tena ile barua iliyorudi, akaandika anwani upya, herufi moja moja.

"Alishangoja siku kumi, Papa Aboubakar," akasema. "Ni mingi."

Akaituma.