Filtre ya Mshale Wenye Manyoya

Mjini Butembo, ukiwa na pièce, kipuri cha gari usichokijua jina, hupotezi siku kuzunguka garage kumi. Unaifunga kwenye gazeti, unapanda pikipiki, unampelekea Mama Emérence. Duka lake ni chumba kimoja cha mbao na mabati, na filtre, vichujio vya mafuta ya gari, zimekijaza mpaka mteja hana pa kuweka kiwiko. Zinaning'inia kwenye misumari, zimejaa ndooni, nyingine zimelala chini ya benchi analokalia, na ole wako uhamishe hata moja.

Ana miaka sitini na mmoja, mwili mdogo na mdomo usiolala. Ukimpa filtre, kwanza haitazami. Anaipima uzito kiganjani, anapitisha ukucha pale inapokaziwa, halafu anainusa, kwa sababu mazout, yaani dizeli, ina harufu yake na essence, yaani petroli, ina yake, hata chombo kikae miaka ishirini kwenye vumbi. Ndipo anapofungua mdomo. Hii ni ya trakta ya misheni. Hii ni ya lori la Kijapani lililokuja kabla ya kaka yako kuzaliwa. Siku moja fundi mmoja alimletea kikombe cha kioo kutoka kwenye injini ya zamani, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kigumu ambacho fundi alikuwa amekikwangua kwa bisibisi asubuhi nzima, akidhani ni udongo ulioganda. Mama Emérence alikaribia kumpiga. Lile jiwe lililotobolewa matundu madogo yasiyoonekana ndilo lililokuwa filtre yenyewe.

Miaka thelathini na mitano dukani, hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Na hakuna aliyewahi kumwona ameshika chuma cha kulehemia. Mtu akimletea bomba lililopasuka, anamwonyesha kwa kidole duka la fundi wa redio hapo jirani, na mazungumzo yanaishia hapo.

Jumanne moja asubuhi aliingia Jordy, fundi wa garage ya ng'ambo ya barabara, na nyuma yake mwanaume wa makamo aliyevaa koti safi na kofia nyeusi nzito, kofia ya sherehe. Huyo ni Gérard. Vita vilipofika Kayna alitoka na mke, watoto, na jeep ya Land Rover ya marehemu baba yake, na tangu hapo anaishi kwa kubeba maharusi, leo Butembo, kesho Beni. Gari kuukuu lililopakwa rangi nyeupe na kufungwa maua linawapendeza sana maharusi wa siku hizi. Lakini sasa lilikuwa likikohoa na kuzimika kwenye kila mlima, na nchi hii ina milima.

“Mama Emérence,” alisema Jordy, “leo tumekuletea kitu itakushinda.”

“Mimi nilishindwaka na bwana yangu tu, na ye alishakufa. Leta.”

Jordy alifungua gazeti. Ndani kulikuwa na kopo dogo la shaba, la duara, limefungwa pande zote, lenye mdomo wa bomba huku na huku.

“Ni ya Bazungu ya zamani,” Jordy alieleza, simu mkononi. “Nimetafuta ku téléphone, nikaona ingine ya Angleterre, ya cinquante-huit, inafanana kidogo. Mais ile iko na kioo chini, na inafungukaka. Hii hapana funguka.”

“Papa alikuwa anasema ni pièce d'origine, ya kiwanda yenyewe, tusiiguse,” Gérard aliongeza. “Alikuwa anaipulizaka na mudomo kila mwezi, basi. Sasa mimi napuliza mpaka macho inataka kutoka, haipitishe. Na Samedi hii, siku tatu tu, niko na bibi harusi wa kupeleka Beni.”

Mama Emérence aliipima uzito. Akaigeuza, na hapo mkono ukasimama.

Filtre nyingi huchorwa mshale, ili fundi ajue essence inaelekea wapi. Mishale ya kiwandani ni mikavu, mstari na ncha, basi. Huu ulikuwa umechorwa kwa msumari, na mkiani ulikuwa na manyoya, matatu upande huu na matatu upande ule, kama mshale wa mwindaji. Aliyeuchora hakuwahi kuona mshale mwingine wowote maishani mwake.

“Muiache hapa,” alisema. “Murudi kesho.”

Jordy alitoka akishika kichwa. Kuambiwa urudi kesho, na Mama Emérence! Alilitangaza jambo hilo garage nzima kabla ya saa sita.

Mama Emérence alifunga duka mapema, kitu asichokifanya hata kwa mvua. Filtre ile aliijua. Aliitengeneza mwenyewe.

Ilikuwa Beni, mwaka wa themanini na tatu, naye ana miaka kumi na tisa. Baba yake, Abdias, alikuwa na garage ndogo, na kwa kuwa mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, kazi ya kulehemu ilimwangukia binti. Wateja hawakuambiwa. Mwanaume gani angepanda mlima na gari lililolehemiwa na msichana? Mwaka huo pièces hazikufika kabisa. Akaja mtu wa kusini na jeep ya kijani ambayo filtre yake ilikuwa imepasuka, na Emérence akamtengenezea nyingine. Mwili aliukata kwenye taa ya kupampu iliyokufa. Wavu aliutoa kwenye chujio la maziwa la misheni. Katikati ya wavu na wavu ilihitajika sufu nzito, na sufu nzito nyumbani kwao ilikuwa moja tu, kofia ya baba ya Jumapili. Aliikata. Abdias aliitafuta Jumapili tatu, na mama mtu, aliyejua kila kitu, alimsaidia kutafuta.

Baba alimwambia mteja kwamba kitu kile kimetoka Ulaya. Mteja akakitazama, akaridhika. “Ikinisumbua nitarudi,” akasema, na akaondoka.

Wiki moja baadaye habari ilifika Beni kwamba jeep ya kijani ilikuwa imezimika katikati ya mlima wa Kabasha, ikarudi nyuma, ikaanguka bondeni na watu wawili. Hakuna aliyejua majina. Abdias alingoja miezi miwili yule mteja arudi kwa lolote, hata kwa kugombana. Hakurudi. Siku moja akamwambia binti yake, bila kupandisha sauti: “Emérence, weka chuma chini.” Akakiweka. Akaolewa Butembo, akauza filtre zilizotengenezwa na watu wengine, na akajifunza kuzitambua moja baada ya nyingine kwa sababu alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayeondoka tena mbele yake na filtre isiyo ya gari lake. Watu walisema ana kipaji. Ilikuwa hofu. Na kila mwaka aliwaombea misa marehemu wawili asiowajua.

Sasa kitu chenyewe kilikuwa mezani. Alijua vizuri kilivyofika. Gari likianguka bondeni, kabla ya jioni limeshavuliwa kila kitu, magurudumu, taa, bomba, na kila kitu kinapata kazi kwenye gari lingine. Bila shaka baba yake Gérard aliinunua kwa mtu aliyeshuka Kabasha na bisibisi. Mama Emérence aliwaza kuitupa chooni. Angesema imepotea, angempa Gérard ya plastiki, naye angefika Beni salama. Aliwaza hivyo hadi ugali ukapoa, na akajichukia.

Jumatano walirudi. Gérard alikuwa amevaa kofia ileile.

“Hii haitokee Ulaya,” aliwaambia kabla hawajakaa. “Imetokea Beni. Ni mimi njo niliitengeneza.”

Jordy alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. “Mama, na heshima yote... hii? Angalia soudure yake, ule mushono. Hii ni kazi ya machine!”

“Asante. Ukiifungua, ndani utakuta chapeau, kofia ya papa yangu.”

Hapo hata Gérard alimtazama vibaya. Alikichukua kile kikopo, akakigeuza, akakirudisha mezani. “Na ukiifungua ikaharibika?”

“Nitakutengenezea ingine.” Maneno yalitoka kabla hajayapima, na aliposikia masikio yake yakiyapokea, alishtuka kuliko wao.

Gérard alikisukuma kile kikopo kuelekea kwake. “Fungua.”

Essence haina mchezo. Aliichemsha filtre kwenye sufuria mbovu, nje, juu ya makaa, maji yakabadilishwa mara tatu mpaka harufu ikaisha kabisa. Alimtuma Jordy akaazime chuma cha kulehemia kwa fundi wa redio, na fundi wa redio akaja nacho mwenyewe, kwa sababu tukio la namna hiyo si la kukosa. Mwanzoni alikishika kama kitu cha mtu mwingine. Chuma kilipogusa ule mshono wa zamani na risasi ya kulehemia ikaanza kung'aa na kutiririka, mkono ukakumbuka wenyewe, kana kwamba ulikuwa umekiweka chini jana. Kifuniko kikaachia.

Matope meusi, mazito. Chini yake wavu. Aliuinua kwa ncha ya kisu, akavuta kipande cha duara, akakisuuza, na rangi ya kahawia ikatokea, na ukingoni mwake ukabaki uzi wa pindo la kofia.

“Kumbe ni chapeau kweli,” alinong'ona Jordy.

Sufu ya zamani ilikuwa imekwisha, ilihitajika nyingine. Mama Emérence aliitazama kofia ya Gérard. Gérard alielewa, akaivua taratibu kama mtu anayelipa faini.

Alikata, akapanga, akalehemu. Mshono ulizunguka kopo lote bila kukatika, na fundi wa redio akapiga mluzi. Ilibaki kungoja ipoe. Na hapo, akiwa amekosa kazi ya kujifichia, Mama Emérence aliuliza swali aliloliogopa tangu jana.

“Gérard. Papa yako hii kitu aliitoa wapi?”

“Ku garage moja ya Beni. Zamani, mimi sikuzaliwa bado.”

“Hapana mu bonde ya Kabasha?”

“Kabasha ya nini? Aliwekewa Beni, akarudia kwetu Kayna.”

“Jeep yake ilikuwa rangi gani?”

“Kijani. Hata sasa ni kijani, chini ya ile nyeupe ya harusi.”

Alishika ukingo wa meza. “Na ye alikufa wapi?”

“Ku kitanda yake, mama. Na miaka makumi munane na moja. Alisema sombe inakosa chumvi, akalala, hakuamuka.”

“Alituambia ikimusumbua atarudi. Nilimungojea. Papa yangu alimungojea. Mbona hakurudi?”

Gérard alimtazama bila kuelewa kinachoulizwa. Kwake jibu lilikuwa wazi mno.

“Si haikumusumbua, mama.”

Mama Emérence alikaa juu ya ndoo ya filtre, na mambo mawili yakamjia kwa pamoja, furaha kubwa mno na hasira ya miaka arobaini na miwili. Akalia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto. Jordy alidhani ameungua, akaja mbio na maji. Alimfukuza. Akawakumbuka wale wawili wa Kabasha, waliokufa kweli, kwenye gari la watu wengine, akajiambia kwamba misa zao hazikupotea na kwamba ataendelea kuwaombea. Lakini sasa atawaombea kama anavyomwombea mtu yeyote.

Alijifuta uso kwa pindo la kitenge. “Leta ile gari hapa. Nataka kuisikia.”

Walilisukuma kutoka garage, Gérard, Jordy, fundi wa redio na madereva wawili wa pikipiki waliokuwa hawana abiria. Filtre ilikazwa mahali pake, mshale ukielekea kwenye injini. Gérard alizungusha ufunguo. Gari likakohoa. Akazungusha tena, likakohoa vibaya zaidi. Mara ya tatu likashika, likanguruma, kisha likatulia kwenye mwendo mmoja laini.

“Wasingya, mama!” Gérard alipaza sauti dirishani, akimshukuru kwa Kinande, kichwa wazi. “Wasingya!” Akanyoosha mkono kuzima, maana essence ni ghali.

“Acha,” alisema Mama Emérence. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti.

Baada ya muda Gérard alinyoosha mkono tena.

“Acha kwanza,” alisema. “Acha.”