Aliyekosewa Ndiye Aliyepiga Hodi

Jumanne ile Mutua alikuwa zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi alikaa barazani petu, Bofu, akishona kiatu chake cha kazi kwa uzi wa nailoni. Kazi yake ilikuwa kufunga makontena kwa minyororo huko bandarini Kipevu. Mume wangu alitoka Ukambani. Mimi ni Mrabai, mtu wa papa hapa pwani. Kiswahili alifunzwa na mimi, na kilikuwa kizuri, isipokuwa jambo moja.

Jirani yetu Bi Mwanamisi alimwita kutoka uani kwake.

"Mutua!"

"Abee!"

"Ala! Weye umekuwa mke lini?" Bi Mwanamisi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwanamume huitika naam, mwanangu. Abee ni yetu sisi wanawake."

"Mlalamikie mwalimu wangu, huyo hapo," akasema Mutua, akinielekezea sindano.

Ningeweza kumsahihisha mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Sikutaka. Kila nilipomwita akaitika hivyo, nilijisikia mwenye nyumba. Hata mafundi waliokuja kutuezekea paa walimcheka kwa neno hilo, naye akacheka nao.

Jumatano tuliokota karatasi mlangoni: wabara waondoke. Alhamisi Mutua hakwenda kazini. Saa tisa alasiri tulisikia mabati yakipigwa mtaa wa juu, kisha makelele, kisha tukaona moshi. Bi Mwanamisi alitoboa ua, akatushika mikono, akatuingiza kwake. Mimi aliniweka chumbani, nyuma ya pazia. Mutua alimfungia chooni, nyuma ya nyumba, akamwambia asithubutu hata kukohoa.

Walikuja kumi na mmoja. Niliwahesabu kupitia tundu la pazia, kwa kuwa kuhesabu kulinizuia kupiga kelele. Wanane walikuwa na mapanga. Mmoja alikuwa na kibuyu cha mafuta ya taa. Mmoja nilimjua: Mwero, fundi aliyetuezekea paa. Mrabai mwenzangu.

"Mwaficha wabara humu," alisema mwenye mafuta.

"Humu tumo mimi na mwanangu wa kike," alijibu Bi Mwanamisi. "Na ndugu yangu yuko chooni, tumbo lamwendesha tangu jana. Mwataka kumwona mtu na haja yake? Hamna haya?"

Baadhi yao walicheka. Nilidhani tumepona.

Mwenye mafuta akazunguka nyuma.

"Mjomba!" aliita. "Mjomba, u hai?"

Tulikuwa tumemwambia asikohoe. Hatukumwambia aitike vipi.

"Abee," alisema Mutua.

Mwenye mafuta aliwageukia wenzake.

"Mwanamume gani huyu aitika abee?"

Wote walimgeukia Mwero, maana ndiye fundi wa mtaa ule, anayewajua wenye nyumba. Alikuwa amesimama hatua nne kutoka dirishani pangu. Angeweza kusema hajui.

"Ni yule Mkamba," alisema.

Nilisikia mlango wa bati.

Baadaye nilisikia kuku wa Bi Mwanamisi, tena waziwazi, kama siku yoyote.

Sisi tuliofiwa na waliochomewa nyumba tulilala majuma matatu katika uwanja wa kanisa. Watu wa kamati ya amani walikuja na kamera, wakawaleta vijana wachache wa upande ule, Mwero akiwa miongoni mwao, wakatuomba tushikane mikono. Niliuliza, "Amesema alifanya nini?" Bwana mmoja akaniambia kwa upole kwamba tusichimbue mambo, tuangalie mbele. Nikaificha mikono ndani ya leso. Kama picha ile ingalipo, mimi ndiye mwanamke asiye na mikono.

Nilikwenda polisi nikaandikisha niliyoyaona, jina kwa jina. Kesi haikufika popote.

Mungu naye sikumsemesha. Nilihudhuria ibada, nikakaa kitini, nikafunga mdomo wengine wakiimba. Mchungaji alihubiri kwamba binadamu ni adui wa Mungu naye anataka tupatane. Moyoni nilimjibu: aje Yeye aniombe radhi kwanza. Miaka ikapita hivyo. Nilipoombwa kufundisha darasa la ubatizo nilikubali kwa sababu najua kusoma vizuri, si kwa sababu tulikuwa tumepatana.

Katika darasa hilo alikuwamo Wafula, dereva wa lori kutoka Changamwe, mtu wa maswali. Siku ya somo la upatanisho aliinua mkono.

"Mwalimu, mimi bado sijashika. Kati ya Mungu na sisi, nani alimkosea mwenzake?"

"Sisi."

"Sasa mbona Yeye ndiye alifunga safari? Kwetu mwenye kosa ndiye hutafuta wazee, aende kwa aliyekosewa. Huyu Mungu hana wazee wa kumshauri?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelifundisha somo lile mara kadhaa bila kulisikia. Aliyekosewa alitangulia. Hakungoja kuombwa, wala hakusema kosa si kitu. Kama lingekuwa si kitu, asingemwaga damu ya Mwanawe kulimaliza. Nilitoka darasani nimekasirika, kama mtu aliyekutwa na mgeni wakati nyumba haijafagiliwa.

Nilimweleza Bi Mwanamisi nia yangu ya kwenda kwa Mwero. Alitikisa kichwa.

"Wallahi, mwanangu, hivyo sivyo. Weye ndiye uliyefiwa. Yeye ndiye aje na wazee wake."

"Na asipokuja?"

"Basi abaki na dhambi yake."

"Hiyo picha yao ya mikono niliikataa, Bi. Na huku kungoja pia nakukataa. Mwero hatanipangia lini moyo wangu utafunguliwa."

Nilikwenda saa nne asubuhi, watu wakiwa vibarazani. Nilipiga hodi. Mwero alitoka, mvi zimemjaa, akaniita dada.

"Nilikuwa nyuma ya pazia," nilimwambia. "Nilikusikia ukisema ni yule Mkamba. Sikuja kukwambia si kitu. Nimekuja kwa kuwa wewe hukuja. Sidai roho kwa roho. Ukitaka tupatane, mimi nimeshatangulia."

Alitazama barabarani. "Mimi sikushika panga."

"Ulishika neno."

"Umekuja kuifuta ile kesi?"

"La. Nimekusamehe, na maelezo yangu yako palepale. Nikiitwa kesho nitayasema yaleyale."

Alirudi ndani, akafunga mlango polepole.

Hajanijibu mpaka leo. Jumapili iliyofuata niliimba, sauti mbovu, lakini niliimba. Nilikuwa nimeelewa jinsi inavyokuwa kusimama mlangoni pa mtu aliyekuumiza, ukangoja. Wengine husema nimeshinda. Sijui nimeshinda nini. Mutua hakuzeeka. Nimeishi bila yeye muda mrefu kuliko nilioishi naye, na hakuna mapatano yatakayonirudishia hata alasiri moja. Uadui uliobaki kati yangu na Mwero ni wake sasa. Wa kwangu niliutua kizingitini pake mchana kweupe, watu wakiona.

Akitaka kujibu, nipo Bofu. Sihami.