Fundi Kesho

Jina lake la kuzaliwa wateja hawakulijua. Walimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilipata kwa jasho lake: ukimpelekea suruali ya kupunguza, atakwambia njoo kesho, ukienda hiyo kesho, nayo imesogea mbele. Watu waligomba, wakacheka, wakarudi, maana alikuwa anashona vizuri.

Mkewe alifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha mikate. Fundi alipofika nyumbani jioni, miguu imekufa ganzi kwa kukanyaga cherehani, mwenzake alikuwa anafunga kitambaa kichwani atoke. Ndoa yao ilikuwa ya mlangoni. "Umerudi?" "Nimerudi. Unatoka?" "Natoka." Fundi aliichoka ndoa hiyo. Alitaka kula na mke wake, hakutaka makubwa.

Ndipo akatokea muuza vyerehani vya umeme. "Kazi ya siku nzima utaimaliza adhuhuri, fundi. Utarudi nyumbani mapema mpaka uchoke." Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini fundi alisikia neno nyumbani tu, akanunua. Kichwa cha cherehani cha zamani kikauzwa; miguu yake ya chuma mkewe akaiwekea ubao juu, ikawa meza ya kulia.

Na kweli, siku za mwanzo walikula pamoja jua bado lipo. Mke alifurahi mno. Alikuwa hata anamtuma dukani chumvi ambayo ndani ilikuwepo, ili majirani waone kwamba na yeye ana mume.

Haikudumu. Mafundi wenzake pale barazani nao wakanunua, bei ya kushona ikashuka, na wateja wakajua kumbe nguo inaweza kushonwa wakisubiri. Nani tena angekubali kuambiwa kesho? Walikaa kwenye benchi wakimkodolea macho. Fundi akawa anashona maradufu kwa pesa ileile ya mboga ya zamani, anarudi mkewe keshaondoka, sahani imefunikwa mezani. Hata ile ndoa ya mlangoni ikafa. Maendeleo hayo, mwenye macho haambiwi tazama.

Alasiri moja umeme ukakatika mtaa mzima. Mke akapika upesi, akangoja. Hakuja mtu. Akavaa nguo zake za kazi, akabeba chakula, akamfuata.

Alimkuta ameketi mbele ya cherehani kilichozimika, wateja wamejazana kwenye benchi.

"Mume wangu, umeme haupo. Si urudi nyumbani?"

"Unaweza kuwaka wakati wowote," akasema fundi. "Hawa wote nimewaambia leo."

Mke akatazama chini ya meza. Miguu ya mumewe ilikuwa inapanda na kushuka, kisigino na vidole, inakanyaga sakafu tupu.

"Na hiyo miguu inakwenda wapi?"

Fundi akaitazama, akaisimamisha. Aliona aibu. Akanawa, wakaanza kula, na tonge la kwanza halijashuka taa ikawaka. Wateja wakainua vichwa.

Mke hakungoja aambiwe. Akaifunika sahani, akaisogeza pembeni isije ikaingia nyuzi, akasimama.

"Tutakula lini, mimi na wewe?"

"Kesho," akasema fundi.

Neno hilo lilikuwa halijamtoka kinywani siku nyingi. Mke akacheka, kama walivyokuwa wakicheka wateja wa zamani, akaenda zake kazini.