Vali ya Pili ya Dada Yangu

Dada yangu aliugua homa ya baridi yabisi akiwa msichana wa shule, ikamharibia moyo. Alipoolewa huko Tetu, vali moja, kilango cha kupitisha damu moyoni, ilikuwa imekakamaa, na daktari wa Nairobi akamwambia lazima ibadilishwe. Akampa nafasi ya kuchagua. Ya chuma ingeweza kudumu maisha yote, lakini kila siku angemeza dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo ni hatari kwa mimba. Ya nguruwe haikuhitaji dawa hiyo, ila ingechakaa. Lini, daktari hakuweza kusema. Dada alitaka mtoto. Akachagua ya nguruwe, na akazaa msichana.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyemsindikiza kliniki. Daktari akimpima kifua, mimi nilimtazama daktari usoni.

Halafu, katikati ya miaka ya tisini, msimu wa ukungu, tulikuwa tunachuma majani ya chai shambani kwake. Akasimama ghafla, mkono kifuani.

"Umechoka?"

"Hapana. Hebu nivute pumzi kidogo."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kitandani ameketi, ameegemea ukuta. Alikuwa amelala hivyo hivyo, kwa sababu akijinyoosha alihisi anazama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mahindi yapandwe. Usimwambie baba ya mtoto."

Nilitoka moja kwa moja hadi zizini, shemeji alikokuwa akikamua, nikamwambia. Aliacha ng'ombe nusu.

Jirani alitupeleka Nairobi kwa pikapu yake. Tulipofika Kenol, njiani, miguu ya dada ilikuwa imevimba hadi viatu vikakataa.

Hospitalini walimpitishia mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakapiga picha. Daktari akatuonyesha: vali ilikuwa imechanika, damu inarudi ilikotoka.

Shemeji akaitazama sana ile picha. "Daktari, kama huo mrija umefika mpaka huko, si mpitishe vali mpya humo humo?"

Daktari hakumcheka. "Ningejua namna, ningefanya leo. Bado hatujafika hapo. Itabidi tufungue kifua tena, na safari hii kuna kovu. Moyo unaweza kuwa umeshikana na mfupa."

"Na tusipofungua?" nikauliza.

Akamtazama dada kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Hatafika Krismasi."

"Basi nipe ya chuma," dada akasema. "Mtoto niko naye tayari."

Walimwingiza asubuhi. Saa sita muuguzi akatoka mbio kutafuta damu zaidi. Shemeji akakunja mkono wa shati bila kuulizwa, nami nikamfuata. Tukiwa tumelala pale, sindano mkononi, alisema, "Angeniambia mapema." Jioni daktari alikuja, barakoa ikining'inia shingoni, akatuambia moyo ulikuwa umeshikana kweli, lakini vali imekaa na unapiga.

Dada aliporuhusiwa, nilimweka kwangu Ruring'u ili awe karibu na hospitali kwa vipimo vya damu. Ile vali ya chuma ilisikika ikigonga hata ukiwa mlangoni. Mchana alipolala nilikaa kando yake nikisikiliza, nikiogopa hata kukohoa.

Siku moja alisema, macho yakiwa bado yamefungwa, "Enda upike. Ikisimama, utajua."

Nikaenda nikapika.