Mama wa Ukutani Avishwa Viatu

Juzi kule mtaani Makindye nilimkuta kijana mchoraji akimalizia picha kwenye ukuta wa vyumba vya kupanga: mama Mkongo akikaanga mandazi, miguu peku. Mama mwenyewe alikuwa kasimama chini ya ngazi, sufuria kichwani, ndala miguuni.

"Nichoree na viatu, mwanangu," akamwambia.

"Kwa nini, mama?"

"Mwenye nyumba anatutoa. Anasema tangu ninyi wachoraji muanze kupaka rangi kuta zetu, watu wenye magari wanavitaka vyumba. Sasa nitahamaje peku?"

Kijana akainamisha kichwa, akachovya brashi, akamvisha viatu vyekundu vya kisigino. Simlaumu, alitaka tu mtaa upendeze. Na umependeza kweli, hadi umewashinda wakazi wenyewe.

Mama akavitazama vile viatu, akacheka, akaondoka na ndala zake zilezile.